Kobe wa jangwa la Mojave: anayetaka ardhi ndiye awalipe wahesabuji?

Mlalakuwa: Wadau, niko California, nisaidieni hili. Kobe wa jangwa la Mojave analindwa na sheria ya Marekani tangu 1990. Kampuni ikitaka eneo la kujenga, wataalamu lazima wapite kwanza kuhesabu kobe, na mlipaji ni kampuni hiyohiyo. Pale Ivanpah, kwenye mradi wa umeme wa jua, kibali kiliruhusu kuhamisha kobe wasiozidi 38. Ujenzi ukaanza Oktoba 2010; Aprili 2011 serikali ikasimamisha sehemu kubwa ya kazi kwa sababu kobe walizidi kujitokeza. Je, mtu anayelipwa na mwenye mradi atawaona kobe kweli?

Mzee Kijiwe: Atawaona vipi na bahasha imemziba macho?

Nyamkazi: Mzee Kijiwe, angalia kauli. Mimi kazi hiyo nimeifanya Nevada. Mnajipanga mstari, kila mtu na njia yake ya mita 10, mnatembea. Shimo la kobe unalijua kwa mdomo wake: chini bapa, juu limejikunja kama gamba. Unatoa kioo kidogo, unamulika jua ndani, ukibahatika unaona mguu wa mbele. Mwaka wa ukame wengi hawatoki, kwa hiyo kuna hesabu ya kufidia: ukiona wakubwa watatu, unaandika saba hivi. Vitoto ndiyo usiseme, unaweza kuvikanyaga usivione. Bahasha iko wapi hapo?

Mzee Kijiwe: Kaona watatu, kaandika saba, halafu ananiuliza bahasha iko wapi! Hahaha!

Kidodi: Mambo haya ya kuthamini vijidudu kuliko umeme tuliyaona Tanzania kwa chura wa Kihansi, pale kwenye bwawa la umeme. Nchi iko gizani, chura anapandishwa ndege kwenda New York.

Binti Udzungwa: Kijidudu ni wewe. Chura yule duniani kote alikuwa anaishi pale tu, kwenye manyunyu ya maporomoko. Kagunduliwa 1996, bwawa limeshaanza kujengwa. Wangechunguza mapema, nani angehangaika na ndege? Mwaka 2009 akatangazwa kuwa porini hayupo tena.

Kidodi: Walisafiri wangapi vile?

Binti Udzungwa: 499 kama sikosei, mwaka 2000.

Kidodi: Vyura 499 wameingia Marekani na mimi ubalozini nimenyimwa viza mara mbili. Endeleeni na mjadala.

Mzee Kijiwe: Tena chura ana adabu, 2012 amerudishwa Kihansi kwao. Kuna watu wako California huko, hata msibani hawaonekani.

Nyamkazi: Turudi kwenye mada. Hata hesabu ikiwa sahihi, kuhamisha ni balaa jingine. Fort Irwin, kambi ya jeshi huko California, mwaka 2008 jeshi lilihamisha kobe zaidi ya 500, wengi wakaliwa na koyote, wale mbwa mwitu wadogo wa Marekani. Ukimshika vibaya anakojoa, na yale ndiyo maji yake ya akiba ya kiangazi. Mimi ningeuliza nani anawafuatilia wakishahamishwa, nani kalipa mwanzoni ni dogo.

Kidodi: Kwa hiyo hela yote ile imelisha koyote.

Mlalakuwa: Mzee Kijiwe, kama unanisema mimi, nitaje. Msiba wa Baba Mkubwa nilituma hela ya turubai na viti. Wewe ulichanga nini?

Mzee Kijiwe: Nilichimba kaburi.