Igizo "lina ujumbe", je, linatosha kututoa nyumbani? Wana Bagamoyo tujadili

Mtu wa Magomeni (mwanzisha mada)

Jamani, salaam. Nina jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi.

Nilimtoa mke wangu na binti yetu tukaenda kuangalia igizo. Kiingilio 5,000 kila kichwa, bajaji kwenda na kurudi, na mtoto hakukubali kupita kwenye mishikaki bila kusimama. Kikundi nakisitiri, vijana wanatafuta riziki. Ila dakika ya kumi tu, baba mkali kashatoka na noti za mahari mkononi, binti kakaa chini analia na daftari lake, nikamnong'oneza mama watoto litakavyoisha: mwalimu atakuja, baba atajuta, wote watatugeukia watuimbie tupeleke watoto wa kike shule. Likaisha hivyo hivyo, na wimbo juu. Binti yangu yuko darasa la sita, hakosi shule hata akiwa na mafua. Akaniuliza, "Baba, hawa wanamwambia nani?"

Sikuwa na jibu.

Mji wetu haukosi maonyesho. Chuo cha Sanaa kipo hapa tangu 1981, leo tunakiita TaSUBa, na tamasha lake lilianza mwaka uliofuata. Ngoma zipo, sarakasi zipo, maigizo yapo. Lakini siku ukitaka kujua lipi la kwenda na lipi la kuacha, huna wa kumuuliza. Kila bango linakwambia "si la kukosa". Kila aliyetoka ukumbini anakwambia "vijana wamejitahidi, lina ujumbe". Mimi nadai hiyo "lina ujumbe" ni adabu yetu tu ya kusema halikunoga. Pilau ikinoga, nani anakaa kusifia vitamini zake?

Hoja yangu ni hii: aliyeona aseme ukweli waziwazi, kabla wenzake hawajalipa. Mnasemaje?

Kijana wa Stendi

Mkuu, 5,000 ni soda na chipsi mayai. Acha kulia.

Mwalimu wa Kaole

Ndugu yangu, nakuheshimu lakini sikubaliani nawe. Mwaka jana kikundi kilikuja shuleni kwetu, kikacheza uwanjani chini ya mwembe, bure. Hadithi ni hiyo hiyo unayoicheka. Mzee wa mahari alikuwa kijana aliyejipaka unga kichwani, kila akitikisa kichwa unga unamwagika kwenye kanzu na watoto wanaangua kicheko. Mimi mwenyewe nilipiga miayo. Lakini walipomaliza, wasichana wawili walibaki nyuma. Wakamfuata yule dada aliyecheza shangazi, wakasimama naye pembeni karibu nusu saa. Mimi niko nao darasani miaka miwili na hawajawahi kuniambia neno.

Sasa niambie, lile igizo lilikuwa la kuangaliwa au la? Wewe na binti yako hamkuwa mnaambiwa. Waliokuwa wanaambiwa walisikia.

Mtu wa Magomeni

Mwalimu, hapo umenibana, sikatai. Ila lako lilikuwa bure na lilijua linakwenda kwa nani. Mimi niliuziwa tiketi ya mchezo wa jukwaani, nikakuta mkutano wa hamasa wenye taa za rangi.

Mwigizaji, Dunda

Nimesoma kimya kimya, ngoja niseme na mimi maana chungu ni changu.

Kaka, unajua igizo la aina ile linavyozaliwa? Mfadhili anakuja na ujumbe keshauandika. Unapewa siku nne za mazoezi, unaambiwa lisizidi dakika arobaini na mwishoni itajwe namba ya simu ya kupiga bure. Hapo mhusika atapumulia wapi? Baba lazima awe mbaya mpaka dakika ya thelathini na tano, halafu atubu haraka haraka.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kina Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, Mwanza, hawakubeba igizo mkobani. Walikaa na wanakijiji, wanakijiji wakataja wenyewe kinachowasumbua, wakatunga, wakacheza, kisha wakabishana. Kule hata binti yako asingeuliza wanamwambia nani, maana aliyeko jukwaani ndiye jirani yako.

Tofauti nyingine. Niliwahi kucheza kwenye Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ile ya 1969 kuhusu vita vya Maji Maji. Mwishoni Wajerumani wanamtaka Kinjeketile aseme kuwa maji aliyowapa watu yawakinge na risasi yalikuwa uongo. Anakataa, ingawa mwenyewe alikuwa na mashaka nayo. Nimekariri maneno yale, nimeyatamka usiku kadhaa, na mpaka leo sijui kama yuko sawa. Watu walitoka wakibishana mpaka barabarani. Hilo nalo lina ujumbe? Basi nitajie ni upi.

Ila kwa hili la kutusema waziwazi, naogopa. Usiku wa kwanza wa Kinjeketile tulikuwa na watazamaji kumi na mmoja, na nusu yao ni wanafunzi waliodhani itatoka kwenye mtihani. Mtu mmoja angeandika "msiende", usiku wa pili tungecheza mbele ya viti.

Kiti cha Nyuma

Huko wanakosema waziwazi nako kuna vituko vyake. Edinburgh, Uskochi, wana tamasha tangu 1947, vikundi vilianza kujiendea bila kualikwa. Sasa Agosti moja inabeba maonyesho zaidi ya 3,000. Nani ataona yote? Magazeti yanagawa nyota, moja mpaka tano. Ukipata nne, kesho yake unazibandika kwenye vipeperushi na kuvigawa barabarani. Ukipata mbili, unaomba Mungu mvua inyeshe watu wakimbilie ukumbini kwako.

Mimi nyota sizitaki. Nataka mtu ninayemjua anieleze kitu kimoja alichokiona. Mwigizaji hapo juu kanieleza Kinjeketile kwa mistari michache, wakiicheza tena naenda. Mwanzisha mada kanieleza noti za mahari, siendi. Hakuna aliyetukanwa.

Mwalimu wa Kaole

Hapo sawa. Kueleza ulichokiona si sawa na kumharibia mtu. Ila naomba tuongeze na umeona ukiwa nani. Baba aliyelipa haoni kama msichana aliyebaki nyuma.

Mwigizaji, Dunda

Na usiku gani. Sisi wa usiku wa kwanza si sisi wa usiku wa tatu, haki ya Mungu.

Kijana wa Stendi

Mnajisumbua bure. Muulizeni bibi wa kashata pale nje ya ukumbi, yule hakosi onyesho.

Mjukuu wa Bibi

Huyo ni bibi yangu, nipo naye hapa anacheka. Anasema yeye ndani haingii, tiketi ghali. Anapima kwa sinia. Igizo likinoga hauzi kitu mpaka watu watoke kwa pamoja, na wakitoka wanazungumza tu, hata kahawa wanaipokea bila kuiangalia. Likiwa baya, wanaanza kuchomoka mmoja mmoja katikati, wanajifanya wana simu, halafu wanasimama kwake wanakula kashata taratibu ili wasirudi ndani.

Mtu wa Magomeni

Shikamoo bibi! Mjukuu, hebu niulizie, Jumamosi ile aliuzaje?

Mjukuu wa Bibi

Marahaba, anasema. Sinia zima. Saa mbili na nusu alikuwa keshakunja mkeka.