Probox, Demio, Prius au Golf: lipi halitanimaliza kwa fundi?

Msukani (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za humu. Gari nililonalo limenichosha. Mwaka huu limelala gereji mara nne, na kila nikirudi kutafuta spea nakuta bei imepanda. Nimeamua kuliuza nichukue jingine lililotumika, maana jipya siliwezi. Nimebakiwa na manne:

Probox ya 2012, injini 1NZ, kilometa 190,000
Demio ya 2015, petroli, kilometa 95,000
Prius ya 2011, haibridi (petroli na umeme), kilometa 160,000
Golf ya 2010, turbo, otomatiki ya gia saba, kilometa 88,000

Golf ndiyo nzuri kuliko zote na ndiyo ya bei ya chini kuliko zote. Hapo ndipo roho inapokataa. Sitafuti mbio wala sifa. Nataka miaka mitano niweke mafuta, nibadilishe oili, basi. Mnasemaje?

fundi_spana

Mkuu, bei ya kununulia iweke pembeni kwanza. Kila moja kati ya hizo nne ina ugonjwa wake wa ukoo; uliza ugonjwa huo unatibiwa kwa kiasi gani, na nani anaujua hapo ulipo.

Golf: hiyo gia saba ni DQ200. Ina klachi mbili kavu, na kompyuta inayoziongoza imefungwa kwenye giaboksi yenyewe, inapikwa na joto na mtikisiko siku zote. Mwaka 2013 Volkswagen iliita magari yapata milioni 1.6 duniani kubadilishiwa oili ya giaboksi hiyo, kwa kuwa ile ya sintetiki ilikuwa ikisababisha hitilafu za umeme ndani. Mwombe muuzaji karatasi zinazoonyesha kazi hiyo ilifanyika. Akianza kukueleza jinsi redio inavyolia vizuri, ondoka.

Demio: giaboksi ni otomatiki ya kawaida ya gia sita, si CVT (ile ya mkanda na puli badala ya gia), na hilo peke yake ni nusu ya usingizi wako. Kasoro iko kwenye upuliziaji. Petroli inaingia moja kwa moja ndani ya silinda bila kupita juu ya valvu za hewa, kwa hiyo hakuna kinachoziosha na masizi yanajijenga taratibu. Ni ugonjwa wa kusafisha, hauui. Ile ya dizeli usiiguse kama safari zako ni fupi fupi, chujio la moshi litaziba.

Probox: haina ugonjwa, ina uzee. Cheni badala ya belti ya taiminga, upuliziaji wa kizamani, na kwa mwaka huo bado ina otomatiki ya gia nne. CVT ilikuja na toleo la 2014. Ila ni gari la mizigo. Lala chini uangalie springi za nyuma na bushi.

Prius nawaachia wenye nayo.

Mama Wawili

Mwenye nayo nipo, mwaka wa sita sasa. Watu huogopa betri wakasahau vitu ambavyo gari hilo halina kabisa. Halina stata, halina alteneta, halina hata feni belti, maana pampu ya maji na kompresa ya AC vinaendeshwa kwa umeme. Breki padi zinadumu mpaka unazisahau, kwa sababu mota ndiyo inayopunguza mwendo kwanza. Na hiyo wanayoiita CVT ni jina tu, ndani mna gia za kuzungukana, hakuna mkanda wa kukatika.

Betri kubwa ina moduli 28. Nyingi zinauawa na joto, kwa kuwa feni inayoipoza inavuta hewa kupitia tundu lililo kando ya siti ya nyuma. Likizibwa na vumbi au begi, betri inachemka. Fungua uangalie. Ukikuta pamba ya vumbi humo, ujue mwenye gari hajawahi kupaangalia.

Kipimajoto

Mama Wawili kasema kweli, ila kuna kitu kakiruka. Kizazi hicho cha tatu, cha 2009 hadi 2015, kinasifika kwa kuziba njia ya kurudisha moshi kwenye injini, EGR. Ikiziba, joto linapanda ndani ya silinda, na gasketi ya silinda hedi inafuata. Dalili yake huipati kwenye injini iliyopashwa moto. Unaipata asubuhi, gari limelala: likiwaka linatetemeka na kugonga kwa sekunde kadhaa kisha linatulia kama hakuna kilichotokea. Hiyo ni kulanti, maji ya kupoza injini, iliyochuruzika ndani ya silinda usiku. Ukiona kulanti inapungua na chini hakuna tone, usibishane na mtu.

Halafu tusisahau kwa nini ufundi umekuwa ghali. Taa ya Probox ni globu, unabadilisha mwenyewe barabarani. Demio zenye taa za LED, taa ikifa mara nyingi unanunua nzima. Na gari lenye kamera nyuma ya kioo cha mbele, ukibadilisha kioo lazima kamera ipimwe upya. Zamani jiwe likipasua kioo ulilipia kioo tu.

Klachi ya Babu

Nunua manyuo yoyote kijana, gari la gia za mkono. Mengine yote haya ni mashairi.

Kobe

Babu, manyuo unayapata wapi siku hizi 😄

Mimi nilichofundishwa na CVT sitakitaja kwa jina la gari. Fundi aliweka oili ya otomatiki ya kawaida, kwa nia njema tu. Wiki tatu baadaye, kilimani, injini ikawa inalia na gari haliendi. Ile CVT inategemea mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na oili yake ndiyo inayouzuia usiteleze. Muuzaji akikuambia oili ya giaboksi ni ya maisha, muulize maisha ya nani.

Msukani

Nashukuruni sana. Kuna jamaa ananiambia niachane na zote nichukue Nissan X-Trail, naye yuko sahihi?

fundi_spana

Nzuri kukalia. Ila Nissan wenyewe kule Marekani waliongeza dhamana ya CVT za modeli za 2003 hadi 2010 mpaka miaka 10 au maili 120,000. Kampuni haifanyi hivyo kwa ukarimu. Zipo zinazodumu, zilizobadilishiwa oili kwa wakati. Sasa utazijuaje?

Dada Skana

Kwa kupima. Nenda na kile kidude cha OBD cha kuchomeka chini ya usukani, kinachosoma kompyuta ya gari. Wengi wanasoma makosa tu, wanakuta hakuna, wanafurahi. Angalia na ule ukurasa unaoonyesha kama vipimo vya ndani vimekamilika. Vingi vikiwa havijakamilika, mtu kafuta makosa juzi, au katoa betri, na gari halijatembea vya kutosha kujipima tena. Mwambie utarudi akishaliendesha siku chache.

Na zile kilometa 88,000 za Golf, mimi siziamini mpaka nione pedali, ngozi ya usukani na siti ya dereva. Soma pia tairi: tarakimu nne za mwisho baada ya DOT ni wiki na mwaka. 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Tairi zikiwa nne, kila moja na mwaka wake, huyo mwenye gari alikuwa akinunua kwa shida, na oili aliinunua vivyo hivyo.

Msukani

Mrejesho, wakuu. Golf nimeiacha, karatasi za giaboksi hazipo. Demio nimeipima na kidude: vipimo vyote vimekamilika, tairi za mwaka mmoja, kitabu cha sevisi kimejazwa mpaka mwaka jana. Probox springi zimelala upande mmoja, muuzaji kakubali kupunguza bei.

Kwa Prius nilimpigia muuzaji jana usiku, nikamwomba asiiwashe mpaka nifike. Saa moja asubuhi nimefika, nimeweka mkono juu ya boneti, ya moto. Anasema alikuwa anaisogeza tu ipate kivuli.

Kipimajoto

Saa moja asubuhi, kivuli cha nini?

fundi_spana

Rudi kwenye Demio. Kabla hujalipa, mwambie aiache ilale, uiwashe mwenyewe.