Mkanda mweusi wa karate akihamia ndondi: mbona ngumi ya pili inachelewa?

KonaYaBuluu: Wakuu, kuna kijana ana mkanda mweusi wa karate, sasa anafanya ndondi. Begi analipiga vizuri, ila kwenye sparingi (mazoezi ya kupigana na mwenzake) ngumi yake ya pili inachelewa na kidevu kiko wazi muda wote. Karate inamsaidia au inamvuta nyuma? Aanze kurekebisha wapi?

Shuka Ulingoni: Inamsaidia, mkuu. Shida ni hikite: mkono mmoja ukitoka, mwingine unavutwa kiunoni. Ngumi ya pili inaanzia kiunoni badala ya shavuni, itawahije? Abane kipande cha sponji kati ya ngumi ya nyuma na shavu huku akirusha jebu, ile ngumi ya mkono wa mbele. Kikidondoka, mkono umeshuka. Raundi 3 za dakika 2 mbele ya kioo, polepole, kabla hajagusa begi.

Halafu mguu wa nyuma. Kwenye gyaku-zuki, ngumi ya karate ya mkono wa nyuma, kisigino kinakanyaga chini. Bondia anakiinua na kukizungusha kwa nje ili nyonga na bega vifike mbele.

mzee wa begi: Kasi yake msiiharibu kwa vyuma vizito. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo cha Imperial, London, waliwapima watu 12 wa mkanda mweusi na 12 wasio na uzoefu wa karate, wakipiga kutoka umbali wa sentimita 5 tu. Wenye mikanda walipiga kwa nguvu zaidi, na nguvu hiyo iliendana na jinsi bega na kifundo cha mkono vilivyopangiliana kwa wakati. Huo mpangilio kijana anao tayari.

Kinachoua kasi ni kukaza konde tangu mwanzo: misuli ya mbele ya mkono inakaza nayo, inakuwa breki. Akunje ngumi kwa ulegevu, akaze inapogusa tu, kisha airudishe kwa njia ileile. Begi likienda mbali na kubembea, anasukuma. Likijikunja pale ngumi ilipotua, hapo amepiga.

Shuka Ulingoni: Kweli kabisa. Na kumite ya pointi, yaani pambano la karate, husimamishwa mtu akipata pointi, kwa hiyo mwili umezoea kupiga na kutulia. Kila mfululizo aumalize kwa jebu: jebu, nyuma, jebu. Ule mruko wa kuingia kutoka mbali asiuache, ni silaha. Mwangalieni Lyoto Machida, mpiganaji wa MMA (mapigano mchanganyiko) aliyetokea karate.

KonaYaBuluu: Nimeelewa, asanteni sana. Glovu aunsi ngapi?

mzee wa begi: Sparingi 16, begi 12. Bandeji ya mita 4.5 kila siku, kifundo kizungushwe angalau mara tatu.