Kupimwa joto getini ni danganya toto, wenye majengo acheni kutuzingua

Wakuu, salaam. Nina dukuduku na leo nalitapika lote, mwenye haraka apite.

Swali langu liende kwa wenye majengo ya ofisi, mameneja wa kumbi na kila bosi aliyemkabidhi mlinzi kile kibunduki cheupe cha kupimia joto. Hivi kuna hata mmoja wenu aliyewahi kuisoma namba inayotokea pale kwenye kioo? Wiki hii nilikuwa na shida zangu kwenye jengo moja la ghorofa hapa mjini Dar (jina nalihifadhi, sitaki kesi). Mlinzi akanilenga kwenye kifundo cha mkono. Pii. Nikamwomba anionyeshe. 33.1. "Poa braza, pita."

Poa kivipi? Mtu ambaye joto lake la ndani limeshuka chini ya nyuzi 35 hospitali wanamhesabu ni wa dharura. Akifika 33 hata kuongea anaongea kwa shida. Kwa mujibu wa kifaa kile foleni nzima tulitakiwa tuwe tumelazwa, na foleni nzima tuliambiwa poa.

Mimi ni fundi wa vifaa tiba, kwa hiyo hili linaniuma mara mbili. Vibunduki vingi vya aina hii vina mipangilio miwili. Upo wa mwili, ambapo kifaa kinasoma joto la ngozi ya paji la uso halafu kinapiga hesabu ya kukadiria joto la ndani. Na upo wa vitu: chupa ya maziwa ya mtoto, maji ya kuogea, ukuta. Huu wa pili haukadirii lolote, unakupa joto la juu ya kitu kama lilivyo. Kinachotenganisha hiyo mipangilio ni kitufe tu. Mlinzi wa zamu ya usiku akikichezea kwa kuboreka, kuanzia asubuhi kila anayeingia anapimwa kama chupa ya maziwa, na ni nadra mtu kufika ile 37.5 waliyobandika ukutani kama kikomo cha homa. Ongeza na hili la kupima mkono. Homa ikiwa inapanda na mtu anatetemeka, mwili unabana mishipa ya damu ya kwenye ngozi na mikono inakuwa ya baridi. Yaani yule hasa unayemtafuta ndiye mkono wake utakudanganya.

Maelekezo ya matumizi yamo ndani ya boksi, ila boksi lilitupwa siku ileile. Kifaa kishikwe sentimita chache kutoka kwenye paji la uso. Pasiwe na jasho, nywele, kofia wala mtandio. Anayepimwa atulie kwanza ndani, dakika 10 hadi 30, ngozi izoee hali ya pale. Kifaa chenyewe kisiwe kimetoka juani. Sasa niambieni nani anafanya hivyo getini saa saba mchana mwezi wa kwanza. Pale nilipokuwa kibunduki kilikuwa kimelazwa juu ya meza ya plastiki, jua linakichoma, pembeni ya chupa ya soda ya mlinzi.

Mbele yangu kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, kashuka kwenye daladala ya Mbagala, kasimama njia nzima, kisha katembea na bahasha yake ya makaratasi. Yeye bahati mbaya alipimwa usoni. 37.9. Mlinzi akaruka nyuma, watu wakamwachia mama nafasi ghafla kama kajamba. "Mama, samahani, simama kule." Kule ni wapi? Kule ni kwenye jua zaidi! Mama wa watu anajipepea kwa kanga, anasema "mwanangu mimi siumwi, ni jua hili." Dada mmoja akamvuta chini ya mti. Alipopimwa tena baadaye, 36.2, akaruhusiwa. Lakini aibu alishaipata mbele ya kadamnasi. Wakati huohuo jamaa nyuma yangu alikuwa anakohoa kile kikohozi cha kutoka kwenye mbavu, anafuta pua kwa mkono. 34.0. Poa, pita. Akapita, akashika kalamu ileile ya daftari la wageni tunayoshika wote, akapanda lifti na sisi.

Simlaumu mlinzi. Kijana kapewa kifaa, hakupewa mafunzo, na mshahara wake mnaujua.

Haya, tufanye kifaa ni kizima, kimewekwa sawa, na anayepima ni nesi. Bado hakuna cha maana kwa magonjwa ya kukohoa na kupiga chafya. Corona mtu anaanza kuambukiza siku moja au mbili kabla hajajisikia vibaya, na wapo wanaoipata na kuisambaza bila homa hata kidogo. Mwenye homa naye akimeza Panadol asubuhi, anapita saa nne akiwa baridi kabisa. Wenzetu walishajaribu haya kwa pesa nyingi. Kanada mwaka 2003, wakati wa SARS (ugonjwa wa mapafu wa kuambukiza, ndugu wa corona), walipima mamilioni ya wasafiri kwenye viwanja vya ndege wakitumia mashine za kupima joto, hawakumkamata hata mgonjwa mmoja wa SARS. Marekani mwaka 2020 walichuja wasafiri zaidi ya 675,000, wakapata wenye corona wasiofika 15. Mwezi Septemba mwaka huohuo wakaachana na zoezi. Hao ni watu wenye wahudumu wa afya, fomu na maswali ya safari. Sisi tuna mlinzi na meza ya plastiki.

Najua kuna mtu tayari anaandika "vipi kuhusu Ebola na Marburg?" Tulia, nakuja. Hapo naelewana na wewe kwa sehemu. Mgonjwa wa Ebola au Marburg haambukizi mpaka dalili zianze, na homa ni mojawapo ya dalili za mwanzo, kwa hiyo kupima joto mpakani kuna mantiki. Marburg ilipotangazwa Kagera Machi 2023, na ikarudi Biharamulo Januari 2025, kupima watu Mutukula au uwanja wa ndege wa Bukoba ni jambo ambalo hata mimi ningelisimamia. Lakini kule mpimaji ni mtu wa afya, anauliza umetoka wapi na umemuuguza nani, na akikutilia shaka pana mahali pa kukuweka pembeni na mtu wa kupigiwa simu. Na hata hivyo hainasi kila mtu: mwaka 2014 msafiri aliyekuwa na Ebola aliondoka Monrovia, Liberia, joto lake likiwa la kawaida kabisa, akafika Dallas, Marekani, akaugua siku chache baadaye, akafariki. Ugonjwa unaweza kujificha mwilini hadi siku 21. Sasa wewe wa ukumbi wa harusi Sinza, Marburg utaikamata na nini?

Na hapa Bongo homa ni nini? Inaweza kuwa malaria, au UTI, au typhoid. Malaria haimwambukizi mtu kwa kukaa naye kiti kimoja. Nilimuuliza yule mlinzi, mtu akizidi 37.5 na akipimwa tena bado imezidi, unafanyaje? Akasema "anarudi nyumbani." Kwa daladala, bila shaka. Hana chumba, hana barakoa ya kumpa, hata namba 199 ya Wizara ya Afya hajabandikiwa popote. Sasa mnapima ili iweje?

Mkiniambia "bora kidogo kuliko sifuri", nitawapeleka ndani ya hilo jengo. Ghorofa ya pili, chumba cha kusubiria huduma. Watu wamebanana kwenye viti vya chuma, madirisha yamefungwa na kupigwa silikoni kabisa, AC ya ukutani inanguruma. Wengi hawajui: ile AC haileti hewa mpya. Inavuta hewa ileile ya chumbani, inaipoza, inaitema tena. Jamaa yetu mwenye kikohozi alikaa mle na sisi zaidi ya saa nzima. Ndoo ya kunawia mlangoni ipo, imeandikwa "Nawa Mikono" kwa rangi nzuri, bomba lake kavu na sabuni ni kile kipande chenye nyufa. Chooni maji hakuna. Na kabla ya kufika huko mmeshatubananisha getini kwenye foleni ndefu, tunapumuliana visogoni, tukisubiri kupigwa kibunduki kinachosoma uongo. Hiyo siyo bora kuliko sifuri, ni hasara. Watu wanaingia wamejiachia, "si tumeshapimwa", barakoa inashuka kidevuni.

Pesa ya vile vibunduki na betri zake ingetosha kufungua madirisha mawili, kununua feni ya kutolea hewa nje na kumlipa mtu wa kujaza ndoo. Daftari la wageni mkilitaka sana, kila mtu aje na kalamu yake, au mlinzi aandike mwenyewe. Anayekohoa apewe barakoa na ahudumiwe kwanza aondoke. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji mtaalamu wa nje.

Lakini hayo yote hayapigiki picha vizuri. Mlinzi na kibunduki anapigika, bosi mkubwa akipita anaona "tahadhari imechukuliwa", maisha yanaendelea. Tena angalieni anavyoingia bosi mwenyewe: gari la vioo vyeusi linateremka moja kwa moja maegesho ya chini, anapanda lifti yake, wala hapimwi.

Mwisho, mlioko ofisi za rasilimali watu mnaosoma hapa, nataka jibu lenu hapo chini, na msije na lugha ya barua. Mfanyakazi akipiga simu asubuhi akasema ana mafua makali na kifua kimebana, mnamwambia abaki nyumbani apone, au mnamkata siku?