Silikoni au nyama ya tumbo? Daktari anataka jibu

Tulizo
Habari zenu wapendwa. Nina saratani ya titi la kushoto na titi lote linaondolewa. Daktari kasema jipya linaweza kutengenezwa kwa njia mbili: kuwekewa mfuko wa silikoni, au kuchukua ngozi na mafuta ya tumboni kupandikizwa kifuani. Anataka jibu nikirudi kliniki. Mliopitia, ipi nzuri? Nimesoma mpaka kichwa kinauma.

Bi_Salome
Pole sana dada. Hilo swali halijibiki hivyo. Utapigwa mionzi au hupigwi? Unavuta sigara? Una kisukari? Tumbo limewahi kupasuliwa? Mwili wako ukoje, maana mwembamba sana hana cha kuchukuliwa tumboni. Na titi linatengenezwa siku hiyohiyo au baadaye? Tupe maelezo tusije tukakupoteza.

Kumekucha
Mimi ni wa tumbo, na sibanduki. Ni nyama yako mwenyewe, laini, ina joto, ukinenepa inanenepa na ukikonda inakonda. Silikoni haikutengenezwa ikae mwilini maisha yote, iko siku utarudi mezani ibadilishwe au itolewe. Halafu tumbo nalo linapungua, nani hataki?

ZuhuraM
Kumekucha, unausimulia ule upasuaji kama vile ni kwenda kunyoa nywele. Mwambie dada yetu ukweli wote: ni kati ya saa 6 na 12 chini ya nusukaputi, kwa sababu vimishipa vya damu vinakatwa tumboni na kushonwa upya kifuani chini ya hadubini. Kimojawapo kikiziba na kisiwahiwe, nyama yote inakufa. Ndiyo maana siku ya kwanza nesi hakuachi ulale, anakuja karibu kila saa kugusa kama titi lina joto na kusikiliza damu kwa kale kamashine. Ukisimama unatembea umeinama kwa sababu tumbo limevutwa, na kubeba vitu vizito ni mwiko kwa wiki kama 6. Una majeraha mawili ya kuuguza. Mimi nina silikoni, upasuaji ulikuwa mfupi, nikarudi kazini mapema. Sijuti.

Kumekucha
Silikoni hizohizo za ile kampuni ya Ufaransa iliyokamatwa inajaza silikoni ya viwandani?

Bi_Salome
Hiyo ni PIP, iligundulika 2010 na ikafungwa. Tusitishane. La kuuliza leo ni kama mfuko una ganda la kukwaruza au laini. Yale ya kukwaruza ndiyo yaliyohusishwa na saratani adimu ya chembe za kinga inayoota kuzunguka mfuko. Mwaka 2019 Ufaransa ilipiga marufuku aina kadhaa, na mwaka huohuo kampuni ya Allergan ikaondoa mifuko yake ya aina hiyo sokoni duniani kote. Ni adimu kweli, lakini ni haki yako kujua unawekewa lipi. Omba kadi ya mfuko na uitunze.

Tulizo
Asanteni. Sigara sivuti, kisukari sina. Nilijifungua kwa upasuaji. Mionzi daktari kasema "huenda", inategemea majibu ya tezi za kwapani.

Mama_Pacha
Hiyo "huenda" ndiyo habari yenyewe, mdogo wangu. Soma yangu.

Mimi niliwekewa kwanza puto la kutanua ngozi, kwa sababu ngozi iliyobaki ilikuwa ndogo. Kila nikirudi kliniki wanapitisha kisumaku juu ya kifua kutafuta mlango wa puto, wanachoma sindano, wanaongeza maji ya chumvi. Sindano yenyewe huisikii, ngozi imekufa ganzi. Unachosikia ni kifua kubana usiku, kama sidiria ndogo iliyoko ndani ya ngozi. Tukafika saizi, wakabadilisha wakaweka silikoni, nikafurahi. Ndipo majibu yakaja kwamba lazima nipigwe mionzi.

Mionzi ilipoisha ngozi ikawa nyeusi na ngumu. Mwili kwa kawaida hujenga utando kuzunguka mfuko, wangu ukanenepa na kukaza. Titi likapanda juu kuelekea mtulinga, likawa gumu, nikivaa nguo linaonekana limepishana na la pili. Halafu wekundu, homa, kidonda kikafunguka chini. Wakautoa mfuko. Nikakaa bila kitu mpaka ngozi ikatulia, baadaye wakanitengenezea kwa msuli wa mgongoni. Hilo liko mpaka leo. Lakini nilipolalamika kwamba sikuambiwa mionzi inaweza kuharibu silikoni, nikajibiwa niliweka sahihi kwenye fomu. Fomu yenyewe nililetewa nikiwa tayari nimevaa gauni la upasuaji!

ZuhuraM
Pole sana mama. Mimi sikupigwa mionzi, hilo nikiri ni tofauti kubwa.

Bi_Salome
Nimefanya kazi wodi ya upasuaji miaka mingi na hadithi hii naijua. Tulizo, kovu la uzazi pale chini mara nyingi halizuii njia ya tumbo, watakupiga picha ya CT, ile ya kuona ndani ya mwili, waone mishipa. Lakini kama mionzi haijajulikana, muulize daktari kama mnaweza kusubiri. Saratani itolewe kwanza, titi litengenezwe miezi kadhaa baada ya mionzi. Kusubiri hakupunguzi nafasi yako ya kupona.

Sitaki_Tena
Mbona hakuna anayetaja njia ya tatu? Kubaki bapa. Upasuaji mmoja, kovu moja lililonyooka, ukitaka umbo unavaa titi la bandia ndani ya sidiria. Mwambie daktari kabisa unataka kifua kishonwe bapa, la sivyo anakuachia mikunjo ya ngozi "ukibadili mawazo".

Kaka_Rashidi
Mume anasemaje lakini?

Sitaki_Tena
Mume anapasuliwa na yeye?

Kaka_Rashidi
Nimeuliza tu dada. Mke wangu alitengenezewa la tumbo na mimi ndiye niliyekuwa namwaga vichupa vya ile mirija inayotoa majimaji kwenye jeraha na kuandika vipimo. Nina haki ya kuuliza.

Kumekucha
Kaka umenikumbusha. Tulizo, lolote utakalochagua usitegemee titi jipya kuhisi kama la zamani. Mimi nilijiwekea chupa ya maji ya moto nikasinzia, nikaona lengelenge ndipo nikajua nimeungua. Na chuchu huja baadaye kabisa, kwa kukunja ngozi au kwa kuchora tatuu.

ZuhuraM
Tatuu! Yangu ukiitazama unadhani imesimama.

Tulizo
Jamani sasa nina maswali mengi kuliko nilipoanza. Nitaomba majibu ya tezi kwanza. Hiyo mirija inakaa muda gani?

Kaka_Rashidi
Mara nyingi wiki 1 hadi 3. Kwetu walisubiri kila mmoja ushuke chini ya mililita 30 kwa siku. Nunua mashati ya vifungo mbele, mkono haupandi kuvaa fulana. Vile vichupa nilivibana kwa pini ndani ya shati.

Sitaki_Tena
Pini zinatoboa. Shona mifuko kwa ndani.

Kaka_Rashidi
Sisi hazikutoboa.