Kukadiria mzigo wa umeme wa nyumba za kupangisha: shawa za papo hapo zihesabiwe vipi?

Waya_wa_Winam (Kisumu):
Wahandisi wenzangu, ninasanifu mfumo wa umeme wa jengo la orofa tano lisilo na lifti, hapa Mamboleo, lenye nyumba tatu katika kila orofa. Kila nyumba itafungwa shawa ya papo hapo (inayopasha maji yanapopita) ya kilowati 5.5. Shawa hizo pekee zinafika kilowati 82.5 kabla sijahesabu pasi, soketi wala pampu ya maji, na mwenye jengo analalamika kwamba kebo kuu ninayoipendekeza ni ghali mno. Fundi wake anataka nizidishe jumla yote kwa 0.4, kwa hoja kwamba wapangaji hawatumii kila kitu kwa wakati mmoja. Je, kigezo hicho kinafaa?

Mhandisi_Kando_ya_Ziwa:
Kwa shawa hakifai. Ukigawa nyumba hizo katika fezi tatu (nyaya tatu zinazoleta umeme jengoni), kila fezi inabeba nyumba tano, na 0.4 maana yake ni kwamba umeruhusu mbili tu zioge kwa pamoja, yaani ampea 46 hivi kwa volti 240. Mpangaji wa tatu akifungua maji, mkondo unapanda hadi ampea 69, na saa kumi na mbili asubuhi, watu wakikimbilia matatu, huyo wa tatu hakosekani. Zihesabu shawa kivyake kwa kigezo cha juu, kisha ushushe kigezo kwenye taa na soketi. Pampu ifungiwe saa ya kuiwasha mchana, nayo itatoka katika hesabu ya alfajiri.

Fezi_Tatu (Nakuru):
Nakubaliana na mwenzangu, ila angalia pia mgawo wa fezi. Huku nimeona michoro mingi inayoipa orofa nzima fezi moja kwa kuwa ni rahisi kuvuta nyaya hivyo (tena orofa tano hazigawanyiki kwa tatu!). Pasipo lifti, orofa za juu ndizo hukawia kupata wapangaji, kwa hiyo fezi za chini huelemewa na nyutro (waya wa kurudisha umeme) hubeba tofauti ya mizigo hiyo. Peleka fezi zote tatu katika kila orofa, nyumba moja kwa kila fezi. Pima pia umbali hadi kwenye transfoma, kwani volti zikishuka kwa asilimia 10, shawa hupoteza takriban asilimia 19 ya nguvu zake, na mpangaji ataishtaki shawa ilhali kebo ndiyo nyembamba.

Mzee_wa_Mitambo:
Kijana, usibane fedha kwenye mfumo wa ardhi, yaani waya na fito za chuma zinazopeleka umeme uliovuja udongoni. Kanda ya ziwa ina radi nyingi, hivyo weka kizuia radi kwenye bodi kuu, na waya wake wa kwenda ardhini uwe mfupi na usiopindapinda. Ikiwa kiwanja ni cha udongo mweusi wa mfinyanzi, ujue kwamba hupasuka wakati wa kiangazi na kuachana na fito hizo, kwa hiyo ukinzani wa ardhi uliopimwa katika mvua za Aprili urudie kuupima Januari.