Mtoto akiandika "akapepa", apigwe wino mwekundu?

Wenzangu wa Mombasa, nileteeni maoni. Mpwa wangu wa gredi ya saba amerudi na insha yake. Ameeleza hamali anayepandisha mkokoteni wa madumu ya maji kutoka ferini Likoni, jua la saa saba. Sentensi yenyewe: "Alipofika juu aliuachilia, akapepa hatua mbili, akaketi juu ya dumu." Neno "akapepa" limezungushiwa wino, pembeni pameandikwa "akapepesuka", na alama imekatwa.

Kwetu Mji wa Kale hayo si maneno mamoja. Anayepepesuka ni mlevi, watoto humcheka. Anayepepa ni mtu aliyeinuka kitandani baada ya homa ya siku tatu: miguu haina uzito, mkono unatafuta ukuta. Bibi akikuona hivyo hakucheki, husema, "Keti mwanangu, wapepa." Yule hamali hakuwa amelewa. Mtoto aliliona hilo, na akalipata neno lake.

Mwalimu nilimwendea. Hakuwa mkali, na hoja anayo: mtihani wa taifa utasahihishwa na mtu wa Kakamega au Machakos, ambaye neno asilolijua atalihesabu kosa la tahajia. Nani atakuwepo kumweleza? Hapo nilinyamaza kidogo, sikatai.

Lakini ajabu ni hii. Akifika sekondari ya juu, mtoto huyohuyo atapewa shairi na kuulizwa uhuru wa mshairi, naye akijibu "ametumia lahaja" atapata alama. Mshairi ana uhuru, mwandishi wa insha ana kosa! Ukizingatia kwamba kamusi ya Kiswahili ya mmisionari Krapf ya 1882 ilitegemea sana Kimvita hikihiki, lahaja yetu ya Mombasa, na kwamba mkutano wa 1928 uliokichagua Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika papa hapa Mombasa, utaona tulishindwa tukiwa nyumbani. (Wazee wengine bado wana kinyongo. Mimi sina, Kiunguja ni kitamu.)

Wala sisemi kila kitu kipite. Mtoto akiandika "ndoo" akimaanisha "njoo", au "mato" badala ya "macho", asahihishwe, kwa kuwa sanifu ina neno lilelile kwa sauti nyingine. Ugomvi wangu ni juu ya neno lisilo na mwenzake. Chombo huenda mrama, tawi lililojaa maembe huwayawaya, aliyejichoma mwiba huchechemea. Mgonjwa aliyeinuka je? Mkinipa neno la sanifu linalomtosha bila kumfanya mlevi, nitarudi kwa mwalimu kumwomba radhi.

Na nyinyi wa Lamu, Pemba na Vanga, mtu huyo kwenu mwasema yuwafanyaje?